Taasisi Huuliza, Watu Hujibu: Utambulisho wa Wapolandi Nje ya Mipaka ya Poland



Mtu akisikia mada ya leo anaweza kudhani nimewaita mje kusikiliza habari za watu wa mbali wasiotuhusu ndewe wala sikio. Sivyo. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kuna makaburi ya Wapolandi, na Masindi nchini Uganda lipo kanisa walilolijenga kwa mikono yao. Wengi wa watu hao hawakutoka Warsaw wala Kraków. Walitoka mashariki mwa Poland ya kabla ya vita, katika ardhi ambayo leo ni sehemu ya Lithuania, Belarus na Ukraini. Serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan mwaka 1940 na 1941. Mkataba uliotiwa saini London mwezi Julai 1941 ukawafungulia mlango, wakatoka na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders kupitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu wakapokelewa Tanganyika, Uganda na Kenya. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000. Vita vilipokwisha, wengi waligundua kwamba hawana pa kurudi. Vijiji vyao vilikuwa palepale, lakini mpaka ulikuwa umehama.

Leo nitazungumzia jamaa zao waliobaki. Hao hawakuhamia nchi ya kigeni. Nchi ya kigeni ndiyo iliyowafuata nyumbani. Sensa ya 2021 iliwakuta Wapolandi wapatao 183,000 nchini Lithuania. Belarus ilihesabu karibu 288,000 mwaka 2019. Ukraini, katika sensa ya 2001, ilikuwa nao 144,000. Na katika Jamhuri ya Cheki, ambako mpaka ulichorwa mapema zaidi na kwa sababu nyingine, walikuwa kama 39,000 mwaka 2011. Wote huitwa kwa jina moja. Ila ukikaa nao, unakuta kwamba kila kundi linapojiita la Kipolandi huwa na maana yake. Katika Lithuania, zaidi ya robo tatu yao hukitaja Kipolandi kuwa lugha yao ya kwanza. Katika Belarus, sensa ya 2009 ilikuta kwamba waliokitaja hivyo ni kama asilimia 5 tu. Kati ya wilaya ya Šalčininkai ya Lithuania na mji wa Grodno wa Belarus hakuna hata mwendo wa siku moja. Basi tofauti hii imetoka wapi?

Haikutoka kwenye damu, maana ni watu wa asili moja. Haikutoka kwenye mapenzi ya nchi, maana mapenzi hayana mizani. Hoja yangu ni kwamba imetoka kwenye taasisi, na kwa namna ambayo tumezoea kuisahau. Tumezoea kusema taasisi hulinda utambulisho au huuvunja, kana kwamba utambulisho ni kitu kilichokwisha kutengenezwa, kinachongoja ama mlinzi ama mwizi. Mimi nasema taasisi hufanya jambo la ndani zaidi: kila moja huuliza swali lake, na watu, kwa kulijibu mwaka baada ya mwaka, huwa vile swali linavyotaka. Shule huuliza unasema lugha gani. Kanisa huuliza unasali wapi. Pasipoti huuliza wazazi wako wameandikwa nani. Kila swali humzaa Mpolandi wa aina yake.

Kabla sijaendelea, niwakumbushe jambo moja la msamiati wa kisiasa wa eneo hilo. Huko uraia na utaifa ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa raia wa Lithuania, mwenye kura na kodi zake, na utaifa wake ukaandikwa kuwa Mpolandi. Mwanasosholojia Rogers Brubaker, katika kitabu chake cha 1996, alieleza hali hii kwa pembe tatu: jamii ndogo yenyewe, dola inamoishi, ambayo nayo inajenga taifa lake, na nchi ya asili iliyo ng'ambo ya mpaka inayowaita watu hao kuwa ni wake. Pembe zote tatu zina taasisi, na zote zinauliza.

Swali la kwanza: unasema lugha gani?

Tuanze na Lithuania. Vilnius na vitongoji vyake vilikuwa ndani ya Poland kati ya vita viwili vya dunia. Baada ya 1944 watu wa mjini, hasa wasomi, walihamishiwa Poland kwa wingi. Waliobaki zaidi ni wakulima wa vijijini. Kwa hesabu ya kawaida, jamii isiyo na wasomi wake ingemezwa ndani ya vizazi viwili. Haikumezwa, na sababu yake ni ya kushangaza: utawala wa Kisovieti uliwaachia shule. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule za Kipolandi zilifunguliwa upya katika Lithuania ya Kisovieti, na mwaka 1953 likaanzishwa gazeti la kila siku la Kipolandi, Czerwony Sztandar, ambalo leo linaendelea kwa jina la Kurier Wileński. Wanahistoria wengi huona kwamba Moscow haikufanya hivyo kwa huruma. Iliwahitaji Wapolandi wawe uzito wa upande wa pili dhidi ya utaifa wa Walithuania. Nia ilikuwa ya kisiasa, lakini matunda yake yakawa ya kijamii. Mtoto alisoma hesabu, jiografia na hata nadharia ya ujamaa kwa Kipolandi, akakua akijua kwamba lugha yake inafaa kwa mambo mazito.

Lithuania ilipopata tena uhuru wake, shule hizo zilibaki, na hadi leo zipo kwa makumi, kutoka darasa la kwanza hadi mtihani wa mwisho wa sekondari. Tangu 2007 Chuo Kikuu cha Białystok kina tawi lake Vilnius. Na penye shule hupatikana walimu, wazazi wenye kamati, na wapiga kura wanaojuana. Ndipo chama cha siasa cha Wapolandi kilichoanzishwa mwaka 1994 kikapata msingi, na kwa miaka mingi kilizishika halmashauri za Šalčininkai na wilaya ya Vilnius. Mwaka 2012, kikiwa chini ya Waldemar Tomaszewski, kilivuka kwa mara ya kwanza kizingiti cha asilimia 5 na kuingia bungeni kama kundi kamili. Kizingiti hicho nacho ni taasisi yenye swali lake. Chama cha jamii iliyo chini ya asilimia 7 ya watu wote hakiwezi kuvuka isipokuwa karibu kila Mpolandi akipigie kura, au kitafute washirika. Kikafanya yote mawili: kikawahimiza watu wake wakipigie kura kwa pamoja, na kikaungana na wanasiasa wa Kirusi wa Lithuania. Hivyo kanuni ya uchaguzi, isiyotaja kabila la mtu yeyote, iliwafunga Wapolandi pamoja kwa nguvu zaidi na kuwasogeza kwa majirani ambao si lazima wangewachagua. Mwaka 2020 kura hazikutosha, kizingiti kikawashinda.

Kwa kuwa swali la Lithuania ni la lugha, ugomvi wake nao ni wa lugha. Sheria ya elimu ya 2011 iliongeza masomo yanayofundishwa kwa Kilithuania katika shule za jamii ndogo na kuunganisha mtihani wa lugha hiyo. Wazazi wakaandamana, watoto wakagoma. Vibao vya barabarani vyenye lugha mbili vilifikishwa mahakamani. Na kwa karibu miongo mitatu nchi mbili marafiki zilibishana juu ya herufi: Kilithuania hakina «w», kwa hiyo mwenye jina la Kipolandi aliandikwa kwenye kitambulisho kwa tahajia isiyo ya ukoo wake. Mkataba wa Poland na Lithuania wa Aprili 1994 uliligusa suala la majina, lakini sheria ya kuruhusu «w», «q» na «x» ilipita Januari 2022 tu. Aliyeisimamia akiwa Waziri wa Sheria, Ewelina Dobrowolska, ni Mpolandi wa Lithuania, ila hakutoka chama cha Wapolandi. Alitoka chama cha kiliberali cha nchi nzima. Hapo pana la kujifunza. Taasisi ya Kipolandi iliipigania herufi kama alama ya jamii; taasisi ya uraia ikaipata kama haki ya mtu mmoja mmoja.

Swali la pili: unasali wapi?

Sasa tuvuke mpaka kuingia Belarus. Huko shule za Kipolandi zilifungwa muda mfupi baada ya vita, na Wapolandi wakabaki na taasisi moja tu iliyowatofautisha na jirani: Kanisa Katoliki. Mwanaanthropolojia Fredrik Barth alitufundisha mwaka 1969 kwamba kabila hutambulikana pale linapopakana na jirani, kuliko kwa mila zilizomo ndani yake. Hapa nadharia hiyo inaonekana kwa macho. Mlithuania ni Mkatoliki kama Mpolandi, kwa hiyo kanisa haliwezi kuwatenga. Lugha ndiyo hutenga. Mbelarusi wa vijijini na Mpolandi wa vijijini walizungumza lahaja moja, kwa hiyo lugha haikutenga; ikatenga ibada, mmoja Mkatoliki, mwingine Mwothodoksi. Kwa vizazi kadhaa, kuwa Mpolandi katika eneo la Grodno kulimaanisha kubatizwa, kuoa na kuzikwa katika kanisa ambalo sala zake zilikuwa za Kipolandi, hata kama nyumbani watu walisema Kibelarusi au Kirusi. Huko Ukraini, katika mkoa wa Zhytomyr, ilikuwa vivyo hivyo. Bibi alisali rozari kwa Kipolandi na kuuza maziwa kwa Kiukraini. Ndiyo maana sensa ya 2001 ilikuta takriban Wapolandi 13 tu kati ya 100 wa Ukraini wakikitaja Kipolandi kuwa lugha yao ya mama, wala hawakuona ukinzani wowote.

Udhaifu wa utambulisho wa aina hii huonekana pale taasisi yenyewe inapobadili lugha. Baada ya 1991 Kanisa Katoliki la Belarus lilianza kuwahudumia waumini kwa Kibelarusi, kwa sababu za kichungaji zinazoeleweka: vijana hawakukielewa Kipolandi. Ghafla ikawezekana kuwa Mkatoliki na Mbelarusi kwa wakati mmoja. Kati ya sensa ya 1999 na ile ya 2009, Wapolandi wa Belarus walipungua kutoka karibu 396,000 hadi karibu 295,000. Vifo na uhamaji vilichangia, bila shaka. Lakini wako wengi ambao hawakufa wala hawakuhama. Swali lilibadilika, nao wakajibu lililoulizwa.

Swali la tatu: karatasi zako zinasemaje?

Muungano wa Kisovieti uliwaandika raia wake utaifa katika pasipoti ya ndani iliyoanzishwa mwaka 1932. Watu waliita sehemu hiyo mstari wa tano. Utaifa huo ulifuata wazazi: mtoto wa Mpolandi na Mpolandi alikuwa Mpolandi hata kama hajui neno moja la Kipolandi.

Kabla ya pasipoti hiyo, Wasovieti walikuwa wamejaribu njia nyingine. Mwaka 1925 waliunda wilaya ya kitaifa ya Wapolandi huko Ukraini, iliyoitwa Marchlewsk, na mwaka 1932 nyingine Belarus, iliyopewa jina la Dzierżyński. Ziliwekewa shule, magazeti, mahakama na mabaraza ya Kipolandi. Lengo lilikuwa kumtengeneza Mpolandi mpya, msoshalisti, asiye na padri wala shamba lake mwenyewe. Wakulima hawakutengenezeka, waliukataa ushirika na kulishika kanisa. Wilaya ya kwanza ikafutwa mwaka 1935, ya pili ikafutwa baadaye, na maelfu wakapelekwa Kazakhstan. Kisha likaja agizo la polisi wa siri namba 00485 la tarehe 11 Agosti 1937, ambalo matokeo yake ni watu 111,091 kupigwa risasi. Orodha za miaka ya shule na mabaraza, zilizokuwa zimewapanga watu kwa utaifa, ziliirahisishia dola kazi ya kuwatafuta. Taasisi iliyowaita watu kwa jina lao ili iwape shule inaweza kuwaita kwa jina hilohilo ili iwapeleke kaburini. Yeyote kati yetu anayeshabikia kila aina ya utambuzi rasmi wa makabila aisome historia hii mara mbili.

Lakini tusidhani ni Wasovieti pekee waliotumia karatasi kutengeneza watu. Poland yenyewe, katika sensa yake ya 1931, ilikuta katika mkoa wa Polesie zaidi ya watu 700,000 ambao lugha yao iliandikwa kuwa ya «watu wa hapa». Hawakuandikwa Wapolandi, wala Wabelarusi, wala Waukraini. Wako wanaosema makarani walitumia kapu hilo ili kupunguza idadi ya wasio Wapolandi, na shutuma hiyo ina uzito. Hata hivyo wakulima wengi wa kule kweli walikuwa hawajaulizwa swali la taifa kwa namna iliyowagusa. Shule, jeshi na pasipoti za miaka iliyofuata ndizo zilizowalazimisha kuchagua kapu.

Swali la nne: uko pamoja na nani?

Upande wa kusini, mto Olza unapita katikati ya mji wa Cieszyn. Julai 1920 mabalozi wa mataifa makubwa waliugawa mji huo, na sehemu ya magharibi pamoja na migodi ya makaa ya mawe ikaenda Czechoslovakia. Wapolandi wa huko, katika eneo wanaloliita Zaolzie, hawana kanisa lao peke yao, kwa kuwa wako Walutheri na wako Wakatoliki, sawa na majirani. Lahaja yao inaeleweka na jirani Mcheki. Hawakuwekewa wilaya maalumu. Wanachokitegemea ni vyama vya hiari. Chama cha utamaduni na elimu, PZKO, kilichoanzishwa mwaka 1947, kina matawi vijijini yenye kwaya, vikundi vya ngoma na kumbi. Ukumbi wa maonyesho wa Český Těšín, sehemu ya Kicheki ya mji ule, umekuwa na kikosi cha Kipolandi tangu 1951. Shule za msingi zipo zaidi ya 20, nyingine zikiwa na watoto wachache mno.

Mpolandi wa Zaolzie basi ni mtu anayehudhuria. Ni utambulisho wa jasho: ukiacha kwenda, unaacha kuwa. Sensa inalionyesha hilo. Mwaka 2001 walikuwa karibu 52,000, mwaka 2011 kama 39,000. Dola haikuwatesa, iliwaacha huru, na fomu ya 2011 ilimruhusu mtu asijaze kabisa sehemu ya utaifa, kama alivyofanya takriban mmoja kati ya wanne nchini kote. Uhuru wa kutojibu nao ni taasisi, na nao una matokeo.

Linganisheni na Ujerumani. Huko Wapolandi walikuwa na vyama imara kabla ya vita, hadi utawala wa Hitler ulipovipiga marufuku kwa amri ya 1940 na kutaifisha mali zao. Leo Ujerumani inawatambua Wadenmaki, Wasorbi, Wafrisia, na Wasinti na Waroma kuwa jamii ndogo za kitaifa. Wapolandi hawamo. Mkataba wa Juni 1991 unawapa haki za lugha na utamaduni, ila hauwaiti jamii ndogo. Hao ni watu ambao swali la dola kwao ni la msingi kuliko yote: je, mpo?

Swali la tano: babu yako alikuwa nani?

Limebaki swali linaloulizwa na Poland. Katiba yake ya 1997, ibara ya 6, inaiagiza serikali iwasaidie Wapolandi wa nje kudumisha uhusiano na urithi wao. Sheria ya tarehe 7 Septemba 2007 ikaleta Kadi ya Mpolandi, awali kwa raia wa nchi zilizokuwa za Kisovieti, na tangu 2019 kwa dunia nzima. Anayeiomba hukaa mbele ya konseli, huonyesha kwamba anakijua Kipolandi angalau kidogo, hutia saini tamko la kuwa mmoja wa taifa la Poland, na huleta ushahidi kwamba mzazi mmoja, babu au bibi mmoja, au wawili kati ya wazazi wa babu na bibi zake, walikuwa Wapolandi. Njia nyingine ni kuthibitisha kwamba ameitumikia jumuiya ya Wapolandi kwa miaka isiyopungua mitatu. Akifaulu hapati uraia, bali viza bila malipo, ruhusa ya kufanya kazi, nafuu ya masomo na njia fupi ya kuhamia.

Ushahidi huo hutolewa wapi? Mara nyingi kwenye hati za Kisovieti, kwenye mstari uleule wa utaifa. Maandishi ambayo mwaka 1937 yangeweza kumwua mtu, tangu 2008 yanamfungulia mjukuu wake mlango wa Ulaya. Katika Belarus vijana walijaa madarasa ya Kipolandi, wakapekua nyaraka, wakajifunza tarehe na sikukuu ambazo wazazi wao hawakuzijua. Wapo wanaowakejeli kuwa ni Wapolandi wa tumbo. Mimi sikubaliani na kejeli hiyo. Mtu anaweza kuanza kwa kutafuta kazi na kumaliza kwa kuipenda lugha aliyojifunza. Shule zetu sote zilitufanyia hivyo. Swali zito ni jingine. Kadi inawafanya watu wawe Wapolandi zaidi, kisha inawapa nauli ya kuondoka. Wanakwenda Białystok na Warsaw, na kijiji kinabaki na wazee na padri.

Na dola wanamoishi haikukaa kimya. Belarus iliwakataza watumishi wa umma kuwa na kadi hiyo. Chama cha Wapolandi cha Belarus, kilichoanzishwa mwaka 1990, kilipomchagua Andżelika Borys kuwa kiongozi mwaka 2005, serikali ilikataa matokeo, polisi wakazichukua ofisi, na vikabaki vyama viwili vyenye jina moja: kimoja cha serikali, kimoja bila kibali. Machi 2021 Borys na mwandishi wa habari Andrzej Poczobut walikamatwa; Februari 2023 Poczobut alihukumiwa miaka minane. Na shule mbili za Grodno na Wołkowysk, zilizojengwa kwa fedha za Poland katika miaka ya 1990, zikageuzwa kufundisha kwa Kirusi mwaka 2022. Shule mbili hizo ndizo zilizokuwapo kwa watu karibu 288,000. Lithuania, yenye Wapolandi wachache zaidi, inazo makumi.

Hitimisho

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mtu atasema: kama taasisi ndizo zinazotengeneza watu, mbona Wapolandi wa Zhytomyr walipona, wakati shule ziliondolewa, mapadri wakauawa na makanisa yakafanywa maghala? Jibu langu ni kwamba familia nayo ni taasisi, tena iliyo ngumu zaidi kuifunga. Lakini tazameni ilichookoa: sala, majina, sikukuu na kumbukumbu ya nani aliuawa. Haikuokoa lugha ya kuandikia barua. Taasisi ndogo huokoa kadiri ya swali inaloweza kuuliza mezani wakati wa chakula.

Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya jamii ndogo yoyote asianze kwa kuhesabu vichwa. Aulize kwanza nani anawauliza maswali, swali ni lipi, na mtu akikataa kujibu anafanywa nini. Kwa kipimo hicho, Lithuania, pamoja na kesi zake za herufi na vibao, imewatendea Wapolandi wake vizuri kuliko Belarus, kwa kuwa katika Lithuania mtu anaweza kubishana na swali hadharani, mahakamani na bungeni, na wakati mwingine akashinda. Na Poland, inayowapenda watu wake wa nje, ingewafaa zaidi kama ingewalipia walimu wabaki walipo kwa bidii ileile inayowapa njia ya kuondoka. Utambulisho unaopewa nafasi moja tu ya kujithibitisha, iwe lugha, dini au hati ya babu, huwa rehani ya yule anayeishika nafasi hiyo. Jamii yenye shule, kanisa, chama na halmashauri kwa pamoja ina majibu mengi, na haivunjwi kwa kufunga mlango mmoja.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.